Barua ya wazi kwa wahusika wa mto Themi: kijiko kisubiri, Machi mtoni kuna wenyewe

Wakubwa zangu wa jiji, wa bonde la maji na wa mazingira, mheshimiwa diwani, mtendaji wetu wa kata na mwenyekiti wa mtaa, mnaostahili shikamoo shikamooni, na wengine habari za kazi. Nawasalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano.

Naomba niseme shida yangu mapema maana najua barua ndefu zinasomwaga mistari mitatu halafu zinaenda kwenye faili. Ile kazi ya "kusafisha mto" inayofanyikaga Machi, kijiko (ile mashine ya kuchimba udongo) kinashuka mpaka kingoni kinakwangua majani, matete, vichaka na miti kinabakiza udongo mwekundu mtupu, naomba isifanyike Machi wala Aprili wala Mei. Ihamishieni Agosti na Septemba. Sijasema isifanyike, jamani, nasema muda wake. Hilo ndo ombi, yanayofuata yote ni sababu, na sababu nyingi zina mbawa.

Mi ni muongoza watalii. Mnajua wenyewe Arusha ilivyo, ikifika Machi wageni wanakata, magari yanapelekwa gereji, kambi zingine zinafungwa, na sisi tusio na mshahara wa mwezi tunarudi mtaani kukaa na familia na kupigiwa simu na watu wa mikopo. Kwahiyo asubuhi natembea kando ya Themi na darubini yangu shingoni. Mwanzoni majirani walikuwa wananiuliza kaka umepoteza nini huko mtoni, siku hizi wameshazoea, watoto ndo wananifuata, anko yule anaitwaje, anko yule anakula nini, na kiukweli maswali yao ni magumu kuliko ya wazungu.

Sasa huyu Themi anashuka toka mlima Meru, anakatisha katikati ya mji, anaelekea kusini. Februari ni kijito tu, mtoto anaruka, maji ya kijivu yanapita katikati ya mawe na chupa na pampasi (mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019 lakini pampasi nadhani hazikupewa taarifa). Ukipita mwezi huo ukaniambia huu mto umekufa sitabishana na wewe. Ila rudi Machi.

Kwanza anaanza yule ndege wa mvua, kekeo, ambaye wengi mnamsikia ila hamjawahi kumuona, sauti tatu zinashuka, anarudia mpaka unataka kumrushia jiwe, anaanza alfajiri na kukiwa na mawingu anaendelea hadi jioni. Wazee wa huku wakimsikia wanatafuta jembe. Huyu hajengi kiota chake, anaenda kutaga kwenye viota vya ndege wengine wadogo waliojificha vichakani humohumo kingoni, halafu wale wadogo wanahangaika kulisha kinda linalowazidi wao ukubwa. Kwahiyo akilia ujue chini yake kuna viota, na kichaka mnachokiona ni uchafu kina watu wanaishi.

Ikinyesha ile ya kwanza ya maana, jioni yake kumbikumbi wanatoka, na hapo ndo sijui niwaelezeje. Kila mwenye mdomo anakuja. Mbayuwayu wanakatiza chinichini juu ya maji, kunguru wanakimbilia ardhini kama vichaa, vinyonga kwenye matawi ya pembeni wanalamba tu bila kuhama walipo, mijusi, vyura, kuku wa jirani, na watoto na sufuria za mama zao. Nimefanya kazi Serengeti na Ngorongoro miaka mingi, nimeona simba wakila, lakini karamu ya kumbikumbi kando ya Themi sijaona mgeni aliyeilipia na ingefaa walipie.

Usiku vyura. Yaani mtu ambaye hajawahi kulala karibu na mto Machi hawezi kuelewa, wale madume wanaita majike usiku kucha, kila aina na sauti yake, kuna wanaogonga, wanaokwaruza, na kuna kadogo kanakopiga filimbi. Hawatagi kwenye maji yanayokimbia, wanatafuta vile vidimbwi vya pembeni vilivyotulia chini ya magimbi na matete, na baada ya siku chache ukiinama unaona viluwiluwi vimejazana. Humohumo kuna kaa wa mtoni wanaochimba mashimo kingoni, na kenge anayekuja kuwafuata kaa, na fundichuma anayekuja kuwafuata vyura.

Naomba nisimame kidogo kwa fundichuma, maana ni yeye aliyenifanya nikae chini niandike.

Fundichuma ni yule ndege wa kahawia mwenye kishungi nyuma ya kichwa, ukimuona kwa pembeni kichwa chake ni nyundo. Anajenga kiota ambacho mtu akikiona mara ya kwanza anadhani ni takataka zilizoletwa na mafuriko zikakwama juu ya mti, kinaweza kufika upana wa mita moja na nusu, maelfu ya vijiti, kina paa, mlango uko kwa chini na umesilibwa kwa udongo wa mtoni. Ni imara kiasi kwamba mtu mzima anaweza kusimama juu yake. Dume na jike wanajenga wote, kazi inachukua wiki 10 hadi 14, halafu mayai wanaatamia karibu mwezi, halafu makinda yanakaa ndani wiki kama saba. Pigeni hesabu wenyewe, ni nusu mwaka unaelekea. Na wakihama hicho kiota hakikai bure, anahamia bundi, anahamia kanu, bata bukini anaweka mayai, nyuki wanaingia, kenge analala. Nyumba moja ya kupanga inayopokezana wapangaji bila dalali.

Huku kwetu makabila mengi wanaogopa kumgusa, ukivunja kiota chake unajitafutia balaa, na mi sitaki kuingia kwenye hayo ya balaa ila nashukuru yapo maana yamemlinda kuliko karatasi yoyote. Sasa mwaka jana kulikuwa na jozi moja inajenga kwenye mkuyu ulioinamia maji, wameshafika kwenye paa, kila asubuhi wanapishana na vijiti mdomoni. Kijiko kikaja. Sijui kilitumwa na nani na kwenye barua hii sitafuti wa kumlaumu, mwendeshaji mwenyewe nilimuuliza akasema kaambiwa asafishe toka daraja mpaka kona, naye kasafisha. Mkuyu ukaenda chini na kiota chake. Wale ndege walikaa siku ile yote kwenye ukuta wa jirani wanaangalia. Mwendesha bodaboda mmoja pale kijiweni akasema huyo dereva wa kijiko atakiona cha moto, na wala hakuwa anatania.

Mkuyu nao ni mti ambao mngewauliza hondohondo wangewaambia. Wale ndege wakubwa weusi wenye pembe juu ya mdomo, wanaopita asubuhi juu ya mji wanapiga kelele na mbawa zao zinasikika kama mtu anapuliza pumzi, mjini hapa wanafuata nini? Wanafuata tunda la mkuyu na jamii yake. Na kima wanaoshuka toka juu wanafuata hilohilo. Mkikata mkuyu mmoja mkubwa kingoni mmefunga mgahawa, na hauoti tena mpaka wajukuu.

Halafu kuna wasafiri, na hapa naomba mnisikilize vizuri kwasababu watu wengi wanadhani ndege wa Machi ni wetu peke yetu. Kuna kidege kimoja kidogo, kitwitwi, kahawia juu, mweupe tumboni, anatembea juu ya mawe ya mto mkia unapanda na kushuka hatulii hata sekunde, akiruka anaruka chinichini juu ya maji mbawa zinatetemeka. Anafika huku kuanzia Agosti hivi, anakaa nasi kiangazi chote cha Desemba na Januari, kwenye Themi hiihii chafu, anaokota wadudu kwenye tope. Machi mwishoni na Aprili anaondoka. Anaenda Ulaya na Urusi, ambako baridi ndo inaisha, barafu inayeyuka, vijito vinafunguka na majani yanachipua, anaenda kutaga kando ya kijito cha huko. Watu wa huko wakimuona wanafurahi, wanaandika tarehe, wanaambiana kafika, masika ya kwao imeingia. Na mbayuwayu ni hivyohivyo, kandege ka gramu 20 hivi, kanavuka Sahara. Na wale ndege wa Ulaya wanaoitwa wala-nyuki wanapita juu angani kwa makundi, unasikia sauti zao kabla hujawaona. Na korongo weupe kule mashambani.

Hawa kabla ya safari lazima wanenepe. Wadudu wanaonenepesha wako wapi? Kwenye matete, kwenye majani, kwenye tope la kingo, wiki hizohizo ambazo sisi tunaleta kijiko. Yule mzungu anayelipa hela nyingi kuja kunionyesha kwenye kitabu chake ndege anaowataka, ndege wake wa nyumbani anapakia mizigo nyuma ya ukuta wangu, na tumemwaga udongo kwenye sahani yake.

Haya, najua mtakachosema, na mna haki ya kusema.

Mtasema mafuriko. Mmh, hapo natulia kabisa, maana Aprili 2024 gari la shule lilisombwa na maji hapahapa Arusha na watoto wakafa, na hakuna mzazi kwenye mji huu aliyesahau. Sitaki hata kidogo mtu aelewe kwamba naweka ndege mbele ya mtoto. Ila hebu tuangalie kijiko cha Machi kinafanya nini. Kinang'oa mizizi iliyoshika kingo, kinaacha udongo umelegea, wiki mbili baadae mvua kubwa inakuja inachukua ule udongo wote, inaushusha mpaka kwenye kalvati na chini ya madaraja, kalvati linaziba, maji yanatafuta njia kwenye nyumba za watu. Kinachozibaga daraja ni magodoro, matairi, viroba vya taka, magogo na mchanga. Matete hayazibi daraja, yanalala maji yakipita na yakiisha yanainuka. Kwahiyo takataka toeni hata Januari na Februari, toeni kwa mikono, lipeni vijana wa mtaa wana nguvu na hawana kazi, na mimi mwenyewe nitakuja na buti. Mchanga uliojaa chini ya daraja, chimbeni kwa kijiko, lakini Agosti na Septemba kukiwa kukavu, mto uko chini, mnaona mnachofanya, na udongo unapata muda wa kushikana kabla ya vuli.

Mtasema mbu. Hili linanikera kidogo maana linasemwa kila kikao. Mbu wa malaria anapenda maji yaliyotulia yanayopigwa na jua, vidimbwi vidogo vya muda mfupi, nyayo za ng'ombe, alama za matairi. Sasa mashine ya tani nyingi ikipita kwenye tope la kingo baada ya kuondoa kivuli chote inaacha nini? Inaacha mamia ya vidimbwi vidogo vya jua, halafu tumeua vyura na kufukuza ndege waliokuwa wanakula wadudu. Tukimaliza tunaenda kugawa vyandarua.

Mtasema nyoka. Wapo, wachache, na wengi wanakula panya, na panya mnawajua walivyo mtaani kwetu tangu gari la taka lianze kuja kwa kudra.

Mtasema vibaka wanajificha vichakani. Kweli, pale karibu na njia ya kwenda darajani kuna mama kaporwa simu. Pale fyekeni, fyekeni njia na mita chache pembeni, wekeni taa. Lakini huwezi kufyeka mto mzima kwasababu ya kona moja, na vibaka wetu kwa taarifa yenu wanatumia bodaboda, vichaka wameshaviacha siku nyingi.

Kuna jambo la sheria pia nitaligusa harakaharaka maana nyie ndo wenye sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, imesema mita 60 toka kingo za mto zisifanywe shughuli za kudumu za kibinadamu. Sisi tunaokaa kando tumeisikia sana hiyo 60, tunaisikia mwenyekiti akija kumtishia yeyo (mama) mmoja anayepanda magimbi na mchicha vijituta vinne pale chini, ila kuta za mawe zinazoingia mpaka majini hatusikii zikitishiwa. Yule yeyo kwa macho yangu ni rafiki wa mto kuliko wengi, magimbi yake yanashika udongo, vyura wanataga chini yake, na yeye ndo anaokotaga chupa. Aliniambia mwanangu hawa wakubwa wakija waambie mto una nywele kwa sababu yake, asiyejua asinyoe. Namfikishia salamu zake.

Na huu sio mto wa Arusha peke yake. Themi anaenda kuingia Kikuletwa, Kikuletwa inaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, hapo kuna mtambo wa megawati 8, maji yanaendelea kwa jina la Pangani mpaka Hale kwenye megawati 21 na maporomoko ya Pangani megawati 68, ndo baharini. Kila kijiko cha udongo tunachoachia huku Machi kuna mtu huko chini anakipokea, mvuvi wa bwawani, mkulima wa mpunga, na mitambo ya umeme. Watu wa bonde mnalijua hili kuliko mimi.

Sasa ninachoomba kwa vitendo, na najua bajeti zenu zinavyokaa, mwaka wa fedha unaisha Juni na kuna ule mtindo wa hela ikichelewa kutoka inatumika haraka kabla haijarudi, na nahisi ndo maana mashine zinaonekana Machi na Aprili kila mara. Kama ni hivyo basi kazi ya kijiko ipangwe mwanzoni mwa mwaka wa fedha, Agosti inaangukia vizuri tu, hakuna atakayepoteza posho yake. Kabla mashine haijashuka apite mtu anayejua, aweke alama ya rangi kwenye miti mikubwa isiyoguswa, mikuyu yote na wowote wenye kiota cha fundichuma, maana mmeona ile hesabu, kiota kilichoanzwa Machi hata Agosti kinaweza kuwa na makinda ndani. Upande mmoja wa mto ufanyiwe kazi mwaka huu, upande wa pili mwakani, ili wanaoishi humo wawe na pa kuhamia. Na matete yaachwe angalau mita kadhaa toka maji yanapoishia, yafyekwe kwa panga pale tu yanapofunga njia.

Vigingi vya mita 60 navyo, kama vipo vionekane. Kama havipo, basi sawa, tuanze na hivi vingine visivyohitaji hela.

Mtu wa kupita na rangi mkikosa, tuko wengi. Mji huu una waongoza watalii wengi wanaojua ndege kwa sauti, na kuanzia Machi mpaka mwanzoni mwa Juni wengi tuko nyumbani. Tupeni rangi na barua ya mtendaji tusije tukaonekana tunapima viwanja vya watu, tutapita kata kwa kata bure. Mto Naura nao uko hapohapo mjini na hadithi yake ni hiihii, wakazi wa kule wataongezea yao.

Mwaka huu ratiba yenu bado sijaiona popote, naomba ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kata na itumwe kwenye grupu la WhatsApp la mtaa wiki mbili kabla. Na kabla ya hapo karibuni tutembee, Jumamosi yoyote ya Machi, saa 12 na nusu asubuhi tukutane darajani, mje na viatu vya tope, darubini nitaazima kwa wenzangu. Njooni wachache msije na msafara. Ila mkija, huyo mwendesha kijiko msimwache, mleteni na yeye, tena akae mbele karibu na mimi, maana vikao vyote mkishamaliza anayebaki peke yake pale mtoni na kuamua mti upi uende chini ni yeye.

Ni mimi mkazi wa kando ya Themi, Arusha.